Kupiga, Kusafisha, Kuchafua: Mipaka ya Picha katika Kazi za Peter Beard wa Karen

1. Utangulizi

Tangu kamera ilipovumbuliwa katika karne ya 19, mjadala juu ya picha umezunguka swali moja: je, picha ni alama iliyoachwa na kitu chenyewe, au ni kazi ya mkono wa msanii? William Henry Fox Talbot wa Uingereza, mmoja wa waasisi wa ufundi huu, alikipa kitabu chake kilichotoka kati ya 1844 na 1846 jina lenye maana ya "kalamu ya maumbile". Kwa maoni hayo mwanga ndio unaoandika. Binadamu ni mshika karatasi tu. Katika karne ya 20 wasanii kadhaa waliupinga msimamo huo kwa vitendo. Man Ray alipanga vitu juu ya karatasi ya picha akaviangaza bila kutumia kamera. Wengine walikata picha wakazibandika upya, wakazichora juu, wakazikwaruza. Hivyo picha ikaacha kuwa dirisha la kutazamia kitu kingine, nayo ikawa kitu chenyewe.

Katika Kenya suala hili laweza kuchunguzwa mahali mahsusi. Mahali hapo ni Karen, kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, katika kambi ya mahema iliyojulikana kwa jina la Hog Ranch. Hapo ndipo Peter Beard, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2020, alipofanya sehemu kubwa ya kazi zake: picha zilizoandikwa, zilizobandikwa manyoya na ngozi za nyoka, zilizopakwa damu, na kuzungushiwa michoro ya rangi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hizo zilifaulu kuvunja mipaka ya picha, lakini hazikuvunja mipaka ya jina. Kazi iliyopitia mikono mingi imeendelea kusomwa kama kazi ya mkono mmoja. Kasoro hiyo si ya adabu pekee. Ni kasoro ya usomaji, kwa kuwa humfanya mhakiki asione kilicho mbele ya macho yake. Itajaribiwa pia kuonyesha kwamba Kiswahili, kwa vitenzi vyake vya kawaida vya studio na kwa mapokeo yake ya miswada, kinacho chombo cha kuirekebisha.

2. Mahali na historia yake

Karen si jina tupu. Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, alifika Kenya mwaka 1914 na kuondoka mwaka 1931. Shamba la kahawa alilolisimamia, lenye ekari zipatazo 6,000, lilifilisika. Ardhi ikauzwa, ikakatwa viwanja, na kitongoji cha wenye nafasi kikazaliwa. Wagikuyu walioishi humo kama maskwota, na kulipia makao yao kwa siku za kazi, walilazimika kuhamishwa. Mwaka 1937 Blixen alichapisha kitabu chake mashuhuri juu ya maisha hayo, Out of Africa, na kwa kitabu hicho shamba lililopotea likapata uhai wa pili katika fikra za wasomaji wa ng'ambo. Nyumba yake imekuwa jumba la makumbusho tangu 1986.

Beard alikisoma kitabu hicho akiwa kijana. Alimtembelea Blixen nchini Denmark mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi kabla ya mwandishi huyo kufariki mwaka 1962. Baadaye alinunua ardhi ya ekari zipatazo 45 iliyopakana na lile lililokuwa shamba, mbele ya vilima vya Ngong. Hakujenga jumba, alipiga mahema, na kambi ikaitwa kwa jina la ngiri waliokuwa wakizurura hapo.

Kwa hiyo kabla picha yoyote haijatazamwa, yafaa ikumbukwe kwamba kambi ile ilisimama juu ya ardhi iliyokwisha kuandikwa. Ilikuwa imeandikwa na wapimaji viwanja, kisha na mwandishi wa kumbukumbu. Beard alikuja kuandika juu ya maandishi.

3. Kupiga

Kiingereza na lugha nyingi za Ulaya huita picha kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kuandika kwa mwanga. Kiswahili kilichagua njia nyingine. Picha hupigwa. Mtu apigaye bunduki na apigaye picha hutumia kitenzi kimoja, na tofauti kati ya kumpiga simba na kumpiga simba picha ni neno moja tu mwishoni. Si lazima kudai kwamba waliozoesha matumizi hayo walikusudia kuhukumu; kitenzi hiki hubeba mambo mengi, kama vile kupiga chapa, kupiga muhuri, kupiga mstari na kupiga rangi. Hata hivyo, mkutano huo wa maana unamfaa sana mtu atakaye kuzisoma kazi za Beard.

Kitabu chake cha kwanza, The End of the Game, kilitoka mwaka 1965. Neno la mwisho katika jina hilo lina maana mbili katika Kiingereza: mchezo, na wanyama wawindwao. Kiswahili hakiwezi kulihamisha fumbo hilo, lakini kitenzi cha kupiga kinafichua kile ambacho fumbo linakizungukia. Kitabu kinaonyesha jinsi wawindaji wa kikoloni, reli na mashamba makubwa vilivyowamaliza wanyama, kisha kinatumia kamera, ndugu wa bunduki, kuwalilia. Mpiga picha anasimama pale pale aliposimama mwindaji.

Toleo la mwaka 1977 ndilo lililofikisha jambo hili kileleni. Katika ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 maelfu ya tembo walikufa katika Hifadhi ya Tsavo. Idadi yao ilikuwa imezidi uwezo wa mimea kuwalisha, na wataalamu walikuwa wamebishana kama inafaa wapunguzwe kwa bunduki au waachwe maumbile yaamue. Beard aliwapiga picha mizoga kutoka angani, mmoja baada ya mwingine. Kutoka juu tembo hana ukubwa. Ni doa juu ya vumbi, na madoa hayo yalipangwa ukurasa kwa ukurasa hata msomaji akakosa pa kupumzishia jicho. Hapo fani na maudhui vinaungana kwa nguvu. Mnyama ambaye kwa desturi hupigwa picha kutoka chini ili aonekane mkuu, ameshushwa mpaka akafanana na tone la wino, au tone la damu, ambalo msanii angeweza kulidondosha mwenyewe juu ya karatasi. Katika mwaka huo huo kazi hizi zilionyeshwa New York katika kituo cha kimataifa cha upigaji picha, na watazamaji wa huko wakapata kujua kwamba picha ya wanyama wa Afrika yaweza kuwa kitu kingine kuliko kadi ya posta.

4. Kusafisha na kuchafua

Baada ya kupigwa, picha husafishwa. Hivyo ndivyo mafundi wa studio za Afrika Mashariki walivyosema katika zama za filamu: filamu ilipelekwa kusafishwa, na picha nzuri ilikuwa ile iliyotoka safi, isiyo na doa wala alama ya kidole. Usafi ulikuwa ndio kipimo cha ufundi. Msamiati huu unatoa jina sahihi kwa tendo kuu la Beard. Yeye aliichukua picha iliyokwisha kusafishwa, akaichafua.

Uchafuaji huo ulikuwa na hatua zake. Picha ilikuzwa mpaka ikafikia ukubwa wa turubai. Kisha maneno yaliandikwa juu yake kwa wino, mistari midogo iliyosongamana ikizunguka mwili wa mnyama au mtu: habari za siku ile, dondoo za vitabu, majina ya mahali. Vipande vya magazeti, mawe madogo, mifupa na picha nyingine ndogo vilipangwa pembeni. Mwisho ilikuja damu ya mnyama, na mara nyingine ya msanii mwenyewe, ikipakwa kwa vidole au kwa kiganja. Damu hukauka ikabadilika rangi, hivyo picha huendelea kugeuka baada ya kutoka mikononi mwa fundi.

Tendo hili lina thamani ya kweli, na ingekuwa makosa kulidharau kuwa ni vituko. Kwanza, linavunja mpaka wa wakati. Picha iliyopigwa miaka ya 1960 iliweza kuandikwa upya miaka 30 au 40 baadaye, nayo ikabeba tarehe mbili, kama mswada wenye matini ya zamani na maelezo mapya. Pili, linavunja mpaka wa nakala. Picha za kawaida hutolewa kwa wingi kutoka filamu moja, zote zikawa sawa. Iliyoandikwa kwa mkono haina pacha. Tatu, linavunja mpaka kati ya kutazama na kusoma. Mbele ya kazi hizi mtu hulazimika kusogea karibu ili asome, na akisogea hapati tena kuona mnyama mzima. Akirudi nyuma ili aone mnyama, maneno huwa vumbi. Hakuna mahali pa kusimama ambapo vyote viwili hupatikana. Huo ni ugunduzi wa kisanii.

Lakini kuna mpaka wa nne. Katika picha moja maarufu ya mwaka 1965, iliyopigwa Koobi Fora kando ya ziwa ambalo sasa huitwa Turkana, Beard anaonekana amelala huku nusu ya mwili wake imo kinywani mwa mamba aliyekufa, naye anaandika katika daftari lake. Picha hiyo husomwa kama kielelezo cha msanii aliyemezwa na maudhui yake. Swali rahisi huulizwa kwa nadra: aliyekuwa kinywani mwa mamba hakuwa nyuma ya kamera. Ama mtu mwingine alibonyeza kitufe, ama kamera ilitegwa ijipigie yenyewe. Na bado picha ni ya Beard. Hapa mpaka kati ya mpiga na mpigwa umeondolewa kabisa, na watazamaji wamekubali bila taabu. Ikiwa mkono ubonyezao si lazima uwe wa mwenye kazi, basi ni mikono ipi inayohesabiwa, na nani anayehesabu?

5. Pambizo na wachoraji wake

Swali hilo linafikia ukali wake katika pambizo. Kazi nyingi za Beard zimezungushiwa michoro: wanyama, watu, nyuso, miti, kwa rangi kali zisizojali vipimo vya umbali. Mtindo huo unakumbusha michoro ya kuta za maduka na hoteli ndogo za Kenya kuliko mtindo wa mwandiko wa Beard. Wala haishangazi, kwa maana si yeye aliyeichora. Ilichorwa na wasanii Wakenya waliofanya kazi kambini, kundi lililojulikana kama idara ya sanaa ya Hog Ranch. Miongoni mwao walikuwa E. Mwangi Kuria na Solomon Misigo.

Kuwapo kwao hakukufichwa. Majina hayo hutajwa katika maelezo ya baadhi ya kazi, na Beard mwenyewe alilitaja kundi. Jambo la kuchunguzwa ni jinsi wanavyotajwa. Mara nyingi mchango wao huelezwa kama nakshi, yaani kitu kilichoongezwa baada ya kazi kukamilika. Lakini ikiwa hoja nzima ya kazi hizi ni kwamba picha haikamiliki inapotoka kwenye maji ya dawa, na kwamba wino, damu na michoro ndiyo inayoifanya iwe kazi ya sanaa, basi michoro haiwezi kuwa nakshi. Haiwezekani kumsifu msanii kwa kuvunja mpaka wa picha, kisha mpaka huo huo ukajengwa upya pale anapotokea mchoraji mwingine.

Hasara ya usomaji huo ni kubwa zaidi ya jina lililosahauliwa. Katikati ya picha, Beard anatoa maombolezo: pepo imekwisha, wanyama wamekwisha. Ikumbukwe kwamba kitabu chake cha kwanza kilitoka miaka 2 tu baada ya Uhuru wa Kenya wa Desemba 1963, na kwamba matoleo ya baadaye yamebeba kijina kinachodai kuwa ni neno la mwisho kutoka peponi. Lililokuwa mwisho kwa huyu lilikuwa mwanzo kwa wengine. Katika pambizo, kinyume chake, mambo hayajaisha. Watu wamejaa, wanyama wanatembea, rangi zinacheka. Katikati kuna msiba wa rangi nyeusi na nyeupe. Pembeni kuna dunia inayoendelea. Mhakiki anayeiona pambizo kuwa pambo huisoma kazi kama sauti moja yenye huzuni. Anayeiona kuwa kauli huyasikia majibizano, na kazi hiyo hiyo inakuwa na maana pana kuliko alivyodai mwenye kambi. Kwa hiyo anayepunjwa si mchoraji peke yake. Kazi yenyewe inapunjwa.

6. Kamante na suala la mkusanyaji

Haiwezi kusemwa kwamba Beard hakujua njia nyingine, kwa maana aliwahi kuifuata mwenyewe. Kamante Gatura, Mgikuyu aliyekuwa mpishi wa Blixen na mmoja wa wahusika wanaokumbukwa sana katika kitabu chake, aliendelea kuishi Kenya baada ya mwajiri wake kuondoka. Beard alimtafuta akampata. Matunda ya uhusiano wao ni kitabu cha mwaka 1975, Longing for Darkness, chenye simulizi na michoro ya Kamante pamoja na picha za kale za shamba. Jina la Kamante limo katika kijina cha kitabu. Beard anatajwa kuwa mkusanyaji.

Wasomi wa Kiswahili wana sababu ya kuitambua hatua hiyo. Edward Steere alipochapisha ngano zake mwaka 1870, jina la kitabu lilisema tu kwamba zilisimuliwa na wenyeji wa Unguja. Msimulizi alikuwa umati usio na sura. Miaka 105 baadaye msimulizi wa Karen ana jina, ana sura, ana mchoro wake mwenyewe, na anapewa nafasi ya kumsimulia yule aliyewahi kumsimulia yeye. Mhusika amegeuka mtunzi.

Ni kweli kwamba kitabu hicho nacho kina mipaka yake. Simulizi zilipitia tafsiri kabla ya kumfikia msomaji, mada ilibaki kuwa Blixen na shamba lake, na aliyechagua na kupanga kurasa ni mkusanyaji. Mwenye simulizi hakuwa mwenye mpangilio. Hata hivyo ushahidi umetolewa kwamba inawezekana kuandika jalada lenye mikono miwili. Kinachouma ni kwamba njia iliyofunguliwa katika kitabu haikufuatwa ukutani. Huenda sababu yake ni ya kiuchumi kuliko ya kisanii. Kitabu cha simulizi huweza kuuzwa kwa jina la msimulizi, bali soko la picha hununua saini, na saini huwa moja.

7. Funzo kutoka Lamu

Ili kuona kwamba desturi hiyo ya soko si sheria ya maumbile, inatosha kutazama pwani ya Kenya yenyewe. Omar Said Bakor (1932–1993), mpiga picha wa Lamu, aliunganisha vipande vya picha mbalimbali katika studio yake hata mtu akaonekana mahali ambapo hakuwahi kusimama. Alifanya majaribio hayo kwa ajili ya wateja wa mtaani, bila jumba la maonyesho na bila nadharia ya Ulaya. Basi dhana kwamba kuvuka mipaka ya picha ni jambo lililoletwa Afrika Mashariki na wageni haina msingi.

Lamu hiyo hiyo ina mapokeo ya zamani zaidi yanayogusa hoja ya majina. Katika miswada ya Waswahili, pambizo haikuwa mahali patupu. Misahafu ya Siyu ilinakshiwa kwa wino wa rangi kuzunguka matini, na maelezo ya wasomi yaliandikwa pembeni. Muhammad Kijuma, mshairi, mchongaji na mnakili mashuhuri wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, alinakili tungo nyingi za watu wengine kwa ajili ya wataalamu wa kigeni, na mwandiko wake ukatambulikana. Wahakiki wa tenzi wamejifunza kwa muda mrefu kutenganisha mtunzi, mnakili, mmiliki wa mswada na mhariri. Hakuna anayedhani kwamba kumtaja mnakili kunampunguzia mtunzi heshima. Kinyume chake, bila kumjua mnakili, matini haiwezi kusomwa sawasawa, maana haijulikani ni neno lipi la nani.

Utaratibu huo ndio unaopaswa kuhamishiwa kwenye picha za Hog Ranch. Kazi ya aina hii isomwe kama mswada. Atajwe aliyepiga, aliyesafisha, aliyeandika, aliyepaka na aliyechora pambizo, kila mmoja kwa tendo lake. Kiswahili kinazo nomino hizi tayari, kwa kuwa kila kitenzi chake huzaa mtenda wake bila taabu.

8. Hitimisho

Yaliyoelezwa hapo juu hayakusudii kuziondolea kazi za Beard sifa zake. Mizoga ya Tsavo itaendelea kuwa miongoni mwa picha nzito zilizopata kupigwa Kenya, na uamuzi wa kuichafua picha iliyosafishwa ulifungua njia ambayo wasanii wengi wameipita tangu wakati huo. Kasoro inayolalamikiwa ni ya wale wasomao mapinduzi ya fani huku wakiacha uhusiano wa kazi kama ulivyokuwa katika shamba la zamani: mwenye ardhi ndiye mwenye mavuno.

Damu iliyopakwa juu ya karatasi zile ilitoka kwa mnyama aliyechinjwa, na wahenga walikwisha kusema kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Idara za lugha zinazofundisha uhakiki zingeweza kuanza na zoezi dogo. Mwanafunzi apewe picha moja ya Hog Ranch yenye pambizo, aagizwe aandike maelezo yake kwa Kiswahili bila kutumia umoja pale ambapo ukweli unadai wingi. Akifika kwenye sentensi ya kwanza atalazimika kuamua kati ya "alipiga" na "walifanya". Uhakiki wa picha hiyo utakuwa umeanza hapo.